Sheria ya Mzee wa Machela

Ukimwona kwa mbali ungedhani anatembea akiegemea ukuta usioonekana. Bega lake la kulia lilishuka kuliko la kushoto, na shingo ilikuwa imepinda kuelekea huko kama ya mtu anayesikiliza jambo linalosemwa chini chini. Hakuzaliwa hivyo. Ni mti wa machela uliolilalia bega lile tangu ujana wake, kwenye njia zetu za huku Kagerankanda zisizojua tambarare, na kila aliyebebwa aliliacha chini kidogo kuliko alivyolikuta.

Kitongoji chetu kiko ng'ambo ya kijito. Daraja la magogo huchukuliwa na maji karibu kila masika, na hata kiangazi njia ya kushukia kijitoni ni mteremko wa udongo mwekundu ambao gari haliwezi. Kwa hiyo mgonjwa mahututi, mzazi mwenye uchungu na maiti inayorudishwa nyumbani, wote hupita juu ya mabega ya watu mpaka barabara kuu, ambako unaweza kupata gari la kwenda Kasulu. Machela yenyewe ni mianzi miwili iliyokomaa, kamba za katani na blanketi zito. Yeye ndiye aliyeitunza. Aliitundika juu ya meko jikoni kwake ili moshi uzuie bungua wasiitoboe, na hakuna mwanamume wa kitongoji aliyethubutu kuishusha bila neno lake.

Mimi aliniita Karani. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo huko Kibondo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nilistaafu nikarudi nyumbani na suti mbili na tabia ya kusahihisha maneno ya watu. Wanangu wote walizaliwa mimi nikiwa Kibondo. Nilituma sukari na salamu. Aliyemshusha mke wangu mlimani kila alipokuwa na uchungu ni yeye, na mke wangu, Mungu amrehemu, alizoea kunieleza habari hizo bila kunilaumu, jambo ambalo leo naliona zito kuliko lawama. Niliporudi, mtu yule alizijua siku ngumu za nyumba yangu kuliko mimi mwenye nyumba.

Njiani alikuwa msemaji. Alishika mti wa mbele, upande wa kulia, na tangu machela inyanyuliwe mpaka ishushwe hakunyamaza. Hakuongea na wabebaji wenzake. Hao aliwapa amri fupi za jiwe na shimo. Aliongea na aliyelala. Aliutukana mlima kwa jina lake kana kwamba ni jirani aliyemwibia kuku. Alimuuliza mama mwenye uchungu ni nani kitongojini anapika ugali mbichi kuliko wote, na akabishana naye juu ya jibu. Alikuwa na hadithi ya beberu wake aliyeingia kanisani Jumapili ya matoleo akala mboga zote za padri mbele ya altare, na kila mara beberu huyo aliongezewa kosa jipya. Uchungu ulipobana aliacha hadithi katikati, akasema kwa Kiha, "Ihangane, mama, ihangane," yaani vumilia, mpaka upite. Kisha beberu aliendelea kula.

Nyumbani kwake hakuongea. Mke wake, ambaye ni wa pili, aliwahi kuwaambia wanawake kwenye msiba mmoja, "Mume wangu mnaye nyinyi njiani. Mimi huniletea bega tu, nilikande kwa maji ya moto." Wanawake walicheka, lakini yeye hakucheka.

Hakuwa mtu mwema moja kwa moja, na sitaki kumpamba kwa sababu amekufa. Aligombana na jirani yake miaka na miaka kwa ajili ya kipande cha mpaka kisichotosha mgomba mmoja. Alimnyima shemeji yake chumvi mchana kweupe, chumvi ikiwa mezani. Lakini kwa kubeba hakupokea kitu, hata kuku, na aliyejaribu kumpa alitukanwa.

Siku moja mama mmoja Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyekuja huku kuuza vitenge, alishikwa na uchungu kandokando ya njia yetu. Watu walisimama wakijadiliana: huyu si wa kwetu, wenyewe wako kambini, akifia mikononi mwetu nani atajibu? Mama yule alikuwa ameketi chini ameshika mgomba, akasema, "Papa, miye nitakufia hapa, munaniangalia tu." Mzee aliwaacha wakijadiliana. Alikwenda kuishusha machela, akarudi, akawauliza wanaume kama wanataka kushika miti au waende kuvaa kanga. Walishika miti. Baadaye mama yule alileta kitenge cha shukrani, akakataliwa kama wengine, akakiacha juu ya ua na kukimbia. Mzee alikishona kwenye blanketi la machela, upande wa kichwa.

Vijana wa bodaboda alikuwa hawapendi, nao walimtania. Mmoja alimwambia siku moja dukani, "Babu, dunia iko spidi, wewe bado uko na mianzi. Jiongeze." Mzee alimtazama mguuni, penye kovu refu, akamwambia, "Spidi yako naijua. Niliibeba mwaka jana ikilia mama, mama." Duka zima lilicheka, na kijana naye, maana ilikuwa kweli.

Kulikuwa na mambo mawili ya ajabu kwake. La kwanza, hakuwahi kuingia ndani ya geti la hospitali wala zahanati. Aliyemsindikiza hadi huko alimwachia wengine mlangoni, akakaa nje na mgongo wake ukiangalia jengo. La pili, hakupakata mtoto mchanga. Wanawake aliowabeba waliporudi na watoto wao na kumpelekea awaone, aliwatazama kwa mbali na kusema, "Sawa, amekuja," akageukia mbuzi wake.

Na machela ilikuwa na sheria. Haivukwi ikiwa imelazwa chini. Mbebaji asiwe amekunywa. Lakini iliyo kuu kuliko zote ni kwamba mtu ambaye hajashikwa na uchungu hapandi. Machela ni ya anayeumia na aliyekufa. Mzima akipanda, anaiomba imzoee. Watu walisema ni sheria ya wazee wa zamani, na mimi niliporudi kutoka Kibondo niliikuta hivyo, nikaiheshimu kwa bidii ya mgeni. Nilikuwa na aibu ya kuwa mtu wa mji, nikadhani kuheshimu kila nilichokikuta ndiko kurudi nyumbani.

Sasa nieleze habari ya mkwe wangu, kwa kuwa bila yeye picha hii haikamiliki.

Mwanangu wa mwisho anafanya kazi ya kupakia mizigo kwenye magari ya biashara, leo Kibondo, kesho kwingine. Mke wake, Mama Skola, tunaishi naye hapa nyumbani pamoja na binti yao Skola. Skola alizaliwa bila shida. Mama yake alishuka kijitoni kwa machela akicheka kati ya uchungu na uchungu, kwa sababu siku hiyo beberu alikuwa amevaa kanzu ya katekista.

Mimba ya pili ilipokuwa kubwa, masika yalikuwa yameshika. Nakumbuka nyumba yetu ya wiki zile kuliko ninavyokumbuka miaka yangu yote ya mahakamani. Mama Skola hakuweza tena kuinama, akawa anamenya muhogo amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa. Miguu ilivimba, ndala hazikumwingia, akavaa viatu vyangu vya zamani vya ofisini bila kamba, akizunguka navyo uani huku Skola akimcheka kwamba mama amekuwa babu. Skola alikuwa na mazoea ya kuweka mdomo kwenye tumbo na kuuliza kama mle ndani mvua inanyesha. Alitaka mdogo wake awe wa kiume na aje na mbwa. Usiku mkwe wangu hakulala vizuri. Asubuhi nilimkuta jikoni, mkono mmoja kiunoni, akikoroga uji, akiniamkia, "Mwakeye, baba," kana kwamba amelala kama malkia.

Mtoto alikuwa anasukuma pembeni. Mama Skola alinionyesha mara moja kwa mkono, bila kufunua nguo, "Kichwa kiko huku, baba, na miguu huku. Kama mtu aliyelala kitandani." Alitabasamu. Nesi wa zahanati, binti mdogo aliyeletwa na kazi kutoka pwani, alivuka kijito viatu mkononi siku ya kliniki ya mkoba, ile inayowafuata wajawazito huku kwetu, akampima kwa muda mrefu kuliko wengine. Kisha aliniita pembeni. Alisema mtoto amelala mkingamo, na mama asingoje uchungu huku. Apelekwe Kasulu mapema, akae karibu na hospitali mpaka siku yake. Pikipiki asipande kwa hali ile na njia ile. "Mzee, mbebeni," aliniambia. "Si mna machela? Mbebeni wiki hii."

Nilimjibu ndiyo. Nilikuwa hodari wa kujibu ndiyo.

Nilikwenda kwa Mzee wa Machela jioni ileile. Nilimkuta akimtoa kupe beberu wake, nikamweleza alivyosema nesi. Aliendelea na kupe. Nilipomaliza akauliza, "Ameshikwa?"

"Bado. Ndiyo maana."

"Anakula?"

"Anakula."

"Anacheka na mtoto wake?"

Nikasema anacheka.

"Basi nenda nyumbani, Karani. Akishikwa, niite hata kama nimekufa."

Ningeweza kubishana. Nilikuwa nimekaa mahakamani nikisikiliza watu wakibishania mbuzi kwa siku nzima. Ningeweza kuwaita vijana, kufunga blanketi kwenye mianzi yangu mwenyewe, kwa kuwa mianzi inaota nyuma ya nyumba yangu. Sikufanya hivyo. Nilirudi nikamwambia mkwe wangu kwamba mzee amesema tusubiri. Hakuridhika. Kesho yake, akiwa na viatu vyangu, alikwenda mwenyewe hadi kwa mzee, akasimama uani kwake mbele ya watu na kumwomba ambebe angali mzima. Naye alikataliwa. Wanawake waliokuwapo waliguna. Mwanangu alipopiga simu kuuliza hali, nilimwambia iko shwari.

Uchungu ulikuja mchana, maharage yakiwa jikoni. Chupa ilipasuka, maji yakamwagika kwa wingi pale pale kwenye kinu. Nilipofika kwa mzee nikihema, machela ilikuwa imekwisha shushwa. Alikuwa amemsikia Skola akilia. Mvua ilikuwa inanyesha. Kijana mmoja alimwambia ampishe mbele, kwa kuwa alikuwa mzee sasa na njia ilikuwa utelezi mtupu, naye akaushika mti wake wa mbele.

Nilifuata nyuma nimebeba beseni la nguo. Njia nzima aliongea. Beberu alikuwa ameoa, harusi ilifanyika Muyama, bibi harusi alikataa mahari ya majani makavu. Mama Skola alijibu mwanzoni. Kabla ya kijito aliacha kujibu. Mwanamke jirani yetu aliyekuwa akitembea ubavuni pake aliinua blanketi, akalirudisha haraka, akaniangalia. Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia kutoka.

Kijito kilikuwa kimejaa mpaka kifuani. Walivuka maji, machela ikiwa juu ya vichwa. Mzee, kwa kupinda kwake, aliendelea kuongea maji yakimfika kidevuni. Alisema wageni wa harusi wameanza kufika, wamevaa vizuri, mmoja amekuja na mbwa. Barabarani tulisubiri gari muda mrefu. Yeye hakukaa. Alibaki ameinama, ameushika mti ule, ingawa machela ilikuwa imekwisha wekwa juu ya nyasi, na bado aliongea, ingawa mkwe wangu alikuwa amefumba macho.

Madaktari wa Kasulu walimwokoa mama. Mtoto alikuwa wa kiume na alikuwa amekufa, na kizazi kilikuwa kimepasuka, wakakitoa. Mwanangu alifika kutoka Kibondo akiwa na vumbi la saruji kwenye nyusi. Aliniuliza swali moja tu: kwa nini nilisema shwari. Bado sijamjibu, naye hajaniuliza tena, na tunasalimiana vizuri.

Mtoto tulimrudisha kwa njia ileile. Ndugu walitaka abebwe mkononi kama ilivyo kwa kichanga, lakini Mzee wa Machela alikuwa anatusubiri ng'ambo, machela imetandikwa. Alimlaza katikati ya blanketi lile kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akigusa mtoto wa namna ile. Akapandisha mlima kimya.

Baada ya hapo maneno yalianza. Hakuna aliyenisema mimi, wala aliyemsema mzee. Walimsema Mama Skola. Aliitaka machela kabla ya wakati. Alikwenda kwa miguu yake kuiomba, watu wakiona. Sasa ilikuwa imemjibu. Walisema kwa sauti ya huruma, kisimani na kwenye njia ya kanisa, na hata dada yake aliyekuja kumuuguza alimshauri atubu. Yeye hakubishana. Alirudia kazi zake, akamsuka Skola nywele, akapika. Lakini nilianza kumsikia jikoni akinong'ona, nikadhani anasali. Siku moja nilikaribia nikasikia. Alikuwa anamwomba mtoto wake msamaha kwa kumharakisha.

Mzee alikuja kwetu kiangazi kilichofuata. Alikuwa amekwisha konda, kifua kinapiga filimbi, ameshika fimbo. Alikaa kwenye benchi langu la nje, tukaongea habari za maharage. Mimi nilikuwa na hasira naye ambayo sikuwa na haki nayo, kwa hiyo nilikuwa mpole sana. Mwishowe nilimwambia yale watu wanayomsema mkwe wangu, na yale niliyoyasikia jikoni. Nilimwambia kwa sababu nilitaka aumie.

Alilaza fimbo yake juu ya magoti. Kisha akasema, "Karani, ile sheria si ya wazee."

Nikamwuliza ni ya nani.

"Yangu."

Akaeleza taratibu, akipumzika katikati. Mke wake wa kwanza alikuwa na mimba ya pili. Hakuwa ameshikwa na lolote. Masista wa zamani wa misheni walishauri apelekwe mapema, na yeye, kijana mwenye nguvu na majivuno ya kuwa na mke mzuri, aliwaalika rafiki zake wambebe kama bibi harusi. Walishuka wakiimba. Mke wake alikuwa anakula muwa juu ya machela, anawatupia maganda. Wiki mbili baadaye alirudi juu ya mianzi ileile amefunikwa uso, na mtoto kando yake vilevile. Hata mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa amebaki nyumbani, hakumaliza mwaka.

"Nilitafuta kosa," alisema. "Sikuona kosa lingine ila kule kucheka. Basi nikasema, mzima hapandi. Mtu akaniuliza, ni mila? Nikasema, ni mila. Wakaishika. Mpaka na mimi nikaamini."

Hasira yangu haikupata pa kukaa. Nilimwambia tu aingie jikoni amwambie mwenyewe.

Alisita, kisha akasimama. Mama Skola alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Alimpa kigoda, naye akakataa kukaa, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni, kwa sauti ile isiyo na hadithi. Mkwe wangu hakuinua uso mpaka alipomaliza.

"Babu," alisema, "mimi nilipokuja uani kwako, ulijua?"

"Nilijua si ya wazee. Sikujua kama si kweli."

Alichambua dagaa wengine kadhaa. Nilidhani atalia au atamfukuza. Akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Saa hizi wako kisimani," alisema. "Twende ukawaambie."

"Kesho, mama. Kifua."

"Leo, babu."

Walikwenda, mzee akitangulia na fimbo yake, yeye nyuma, akiwa amevaa ndala zake, kwa sababu miguu ilikuwa imerudi kawaida. Mimi nilifuata nikiwa na Skola mkononi. Wanawake walikuwa wengi, ndoo zimepangwa. Mzee alisimama karibu na ndoo ya kwanza, akaeleza: mke wake, muwa, kuimba, sheria aliyoitunga, uongo wa mila. Walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, mama mmoja mtu mzima alimshika mkono akamwambia kwa upole, "Mzee wetu umechoka. Uzee huchanganya mambo. Wale wazee wa zamani walijua walichokuwa wanasema. Nenda kapumzike." Wengine wakatikisa vichwa kukubali, na mmoja wao, msichana ambaye tumbo lake lilikuwa limekwisha chomoza, aliinamisha macho.

Mzee alinitazama mimi, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Alikuwa anahema vibaya. Nami, ninayejijua, nilikuwa tayari kumwambia inatosha.

Mama Skola alisogea akasimama kando ya msichana yule mjamzito.

"Sema tena," alimwambia mzee.

Akasema tena.